Jibu: Miezi miwili ya Kegel, mbona nikikohoa mkojo bado unavuja?

Dada, miezi miwili bado mapema. Mwongozo wa Uingereza unataka angalau mitatu, mikazo 8 mara 3 kwa siku. Ila kwanza hakikisha unakaza misuli yenyewe, ile ya sakafu ya nyonga inayoshikilia kibofu. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, hakumwachia mgonjwa maelezo ya mdomo tu. Alimpima kwa vidole, kisha akampa kifaa cha kuingiza ukeni chenye mshale unaoonyesha nguvu ya mkazo. Sehemu hiyo ndiyo watu wameisahau, na wengi huishia kusukuma chini kama wanaenda haja kubwa, jambo linaloongeza mgandamizo juu ya kibofu.

Kaza kama unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, uvute juu ndani, sekunde 6 hadi 8, halafu legeza kabisa kwa muda uleule. Tumbo, mapaja na makalio yatulie, pumzi usibane. Usifanyie mazoezi katikati ya kukojoa, kibofu kinaweza kubakiza mkojo. Na kaza sekunde moja kabla ya kikohozi, ushikilie mpaka kiishe.

Ukiona damu kwenye mkojo, au unavuja mfululizo hata ukiwa umelala, hiyo si kazi ya mazoezi, nenda hospitali.