Ngapi mkononi?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukiuza nyumba, unamchaguaje ajenti, na nyumba yenyewe unaitayarishaje?" Mwaka jana niliuza nyumba yetu ya Kiamunyi, hapa Nakuru, baada ya kuishi humo miaka kumi na tisa. Niliwahi kukosea, kwa hiyo nina la kusema.

Ajenti wa kwanza aliletwa na jirani. Alifika viatu viking'aa, akasifu dari, akasifu vigae, akasifu hata mapazia ambayo hayakuwa yanauzwa. Kisha akaniuliza: "Mama, wewe unataka ngapi mkononi?" Nikamtajia. Akasema, "Hiyo niachie mimi."

Wiki ya tatu mnunuzi mmoja alirudi peke yake kupima jikoni kama friji yake ingeingia. Katika maongezi nikagundua kwamba bei aliyotajiwa ilizidi yangu kwa laki nane. Cha juu, ile nyongeza anayojiwekea ajenti kimyakimya! Nilizoea kusikia habari za cha juu kwenye magari na mashamba ya watu, sikudhani kingebisha hodi kwangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba watu walikuwa wakikimbia bei nisiyoiweka mimi, nami usiku nikijiuliza nyumba yangu ina kasoro gani. Na kila mmoja alikuwa amemlipa ajenti huyo shilingi elfu moja ili aonyeshwe tu. Siku hizi nikisikia mtu akisema "ngapi mkononi" nainuka kumfungulia geti atoke.

Wa pili alikuwa mama mwenye ofisi mjini. Hata kiti hakukitazama, alianza na maswali. Hatimiliki iko kwa jina la nani? Mzee anajua unauza, na atatia sahihi? (Kisheria, nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi, na mauzo mengi hukwama hapo.) Kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa hadi lini? Bikoni zote, yaani vyuma vya kuonyesha mipaka ya ploti, ziko? Nami nikamwomba cheti chake, kwa sababu Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Majumba, Sura ya 533, inamtaka kila ajenti awe amesajiliwa na bodi yao. Alikitoa kwenye faili bila kununa. Tukaandikiana: kamisheni yake asilimia tatu, bei anayoambiwa mnunuzi iwe ileile ninayoijua mimi, na amana ya asilimia kumi iende kwenye akaunti ya wakili, isipitie kwake.

Bikoni ndizo zilizotutoa jasho. Tatu zilionekana. Ya nne sorveya alisema imo ndani ya ua wa kayaba, na anayeijua kayaba anajua miiba yake. Kijana alikata na kufukua asubuhi nzima. Saa sita jembe likalia ting! Kumbe tulikuwa tumepanda ua nusu mita ndani ya ploti yetu wenyewe, tukamwachia jirani ardhi miaka yote hiyo. Jirani alikuja, akatazama kile chuma, akasema, "Basi sukuma zangu nitahamisha." Fikirieni kama mnunuzi ndiye angeligundua jambo hilo baada ya kulipa.

Kuhusu kodi nitasema kidogo. Tangu Januari 2023 serikali inatoza asilimia 15 ya faida ya kuuza mali, si 5 kama zamani. Lakini nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza imesamehewa. Yule wa kwanza hakunieleza hilo. Pengine hakulijua.

Sasa nyumba yenyewe. Wengi hukimbilia rangi, na rangi ndiyo ajenti wa kwanza aliyonishauri, hasa juu ya ufa uliokuwa umeshuka kutoka kona ya linta ya dirisha la chumba cha kulala. Udongo wetu wa bonde la ufa ni majivu ya volkano, mvua kubwa ikinyesha nyumba hucheza kidogo, na mnunuzi wa Nakuru huingia akitafuta nyufa kabla hajakusalimu. Yule mama alinikataza kuuficha. Fundi akaupanua kwa tindo, akaweka wavu wa waya, akapiga plasta, tukaiacha ikauke wiki tatu ndipo tukapaka rangi. Risiti yake nikaiweka pamoja na picha za ufa kabla haujaguswa.

Swali lingine la watu wa hapa ni maji. Visima virefu vya huku vingi vina floraidi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Nilisafisha mifereji ya paa na tangi la maji ya mvua, nikaweka gilasi jikoni ili mgeni ayaonje. Mapazia niliyafua tu.

Aliyenunua alikuja na fundi wake. Fundi akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, juu hadi chini, akasikiliza, akauliza plasta ina muda gani. Nikampa risiti na picha. Wakatoka nje wakanong'onezana karibu na tangi, wakarudi wakaomba nipunguze laki mbili kwa ajili ya ule ufa. Nilitoa moja na nusu, ajenti akiwa amekaa pale pale anasikia.

Mwalimu mstaafu, Nakuru