Safari ya Tukuyu na Tumbo Lisilosubiri

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 31, naishi Tabata. Huu ni mwaka wa nne nina vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao daktari huuandika kolaitisi. Kwa sasa nimetulia, natumia dawa ya mesalazini kila siku na damu sijaiona tangu Machi. Mwezi ujao mume wangu anataka twende kwao Tukuyu nikawasalimie wakwe, mara ya kwanza tangu tufunge ndoa. Silali nikiwaza basi. Nimepanga nisile kitu tangu siku ya kabla, na asubuhi nimeze vidonge 4 vya loperamaidi, dawa ya kuzuia kuharisha, kwa mpigo. Mume wangu anajua ninaumwa tumbo tu. Hajui kwamba likinibana nina dakika mbili. Na nikifika huko nikikataa chakula cha mama mkwe, si nitaonekana ninaringa?
Mwenye Hofu, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana dakika mbili hizo ninazijua. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na ugonjwa huu ninao tangu 2006. Kabla ya hapo nilitibiwa ameba karibu miaka miwili, metronidazoli juu ya metronidazoli, mpaka nilipopimwa kwa kamera ya utumbo.

Nianze na mume, kwa sababu dawa zote nitakazokuandikia zina nafasi ya pili baada yake. Mwambie leo. Mwambie kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi: likinibana nina dakika mbili. "Ninaumwa tumbo" kwetu ni neno la kila mtu, hata aliyekula maembe mabichi husema hivyo. Yeye ndiye atakayeinuka kwenda kwa dereva wakati wewe umeshika kiti kwa mikono miwili na huwezi kusema.

Mimi nilijifunza hilo ndani ya Mikumi. Nilikuwa peke yangu, nimekaa dirishani, sijamwambia mtu. Tulipoingia mbugani likanibana. Pale barabara inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50 na basi halisimami ovyo, kuna tembo na nyati. Konda aliniambia nivumilie. Sikuweza. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu, nisiyemjua mpaka leo, alivua kanga yake moja akanifunga, ya pili akaishika kama pazia huku nikilia. Tangu siku hiyo sijapanda basi bila kuzungumza na konda kabla halijaondoka. Ninamwita pembeni, ninamwambia: "Mwanangu, nina ugonjwa wa utumbo, si wa kuambukiza. Nikikuita ujue siwezi kusubiri." Ninaogopa kila mara ninapolisema, lakini hakuna konda aliyewahi kunicheka. Wengi hujibu kwamba wana ndugu anayesumbuliwa na tumbo, na wanapotangaza kuchimba dawa wananitazama kwanza mimi.

Sasa barabara yenyewe. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kisha Tukuyu bado mbele. Panda basi la mchana, lenye choo ukilipata, na ukate tiketi ya kiti cha upande wa njia karibu na mlango, mume akae dirishani. Ziko sehemu mbili ambazo lazima uzipangie. Ya kwanza ni hiyo Mikumi: nenda chooni Morogoro hata kama hujabanwa. Ya pili ni mlima Kitonga. Barabara ni kona tupu, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, na lori likiharibika mbele yenu mnaweza kukaa muda mrefu. Kwa hiyo basi likisimama Ruaha Mbuyuni, wenzako wakikimbilia vitunguu, wewe kimbilia choo. Ukishapita Kitonga, Iringa, Mafinga na Makambako zote zina vyoo vya kulipia, weka sarafu tayari mkononi. Treni ya TAZARA, kama inatembea siku hizo, ina choo ndani na inafika Mbeya, ila huchukua muda mrefu zaidi ya basi. Kama likizo yako inatosha na siku za treni zinakubaliana nawe, mimi ningeichagua.

Kutokula kabisa sikuungi mkono. Ukikaa na tumbo tupu unapata kizunguzungu, halafu njiani njaa inakushinda unanunua mahindi ya kuchoma. Siku ya kabla kula vyepesi: wali mweupe, viazi vya kuchemsha, samaki au kuku wa kuchemsha, ndizi mbivu. Acha maharage, karanga, pilipili na mboga zenye nyuzi nyingi. Utumbo mpana huamka tunapokula, kwa hiyo wahi kula. Basi likiondoka saa 12 asubuhi, wewe saa 9 usiku uwe umekunywa uji mwepesi na yai moja la kuchemsha, kisha ubaki karibu na choo chako mwenyewe mpaka muda wa kutoka. Kahawa usiguse, inasukuma.

Maji usiyaogope, kunywa kidogo kidogo. Beba pakiti za chumvichumvi za kuharisha. Zikiisha, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Kuhusu loperamaidi nitakuwa mkali kidogo. Vidonge 4 kwa mpigo, hapana. Mtu mzima huanza na 2, na kwa ugonjwa wetu ni baada ya daktari wako kukubali. Ujaribu kwanza siku ukiwa nyumbani, si ndani ya basi. Na kama kuna damu, homa au tumbo limevimba, usimeze hata kimoja, kwa sababu utumbo uliowaka ukifungwa unaweza kutanuka kwa namna inayohatarisha maisha. Nimewahi kumuuguza mgonjwa wa hivyo. Ukiharisha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa au moyo kwenda mbio, safari ahirisha uende hospitali siku hiyohiyo. Wakwe watasubiri.

Mesalazini yako iwe kwenye mkoba wa begani, isiwekwe buti, na ubebe ya wiki moja zaidi ya siku ulizopanga. Kichwa kikiuma meza parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuuamsha ugonjwa, na huko njiani kila duka litakupa hizo. Mkobani weka pia kanga mbili, chupa ya maji ya kutawadha, karatasi laini, nguo za ndani na mfuko mweusi wa plastiki nzito. Mimi siku hizi ninatoka hata kwenda sokoni na mfuko huo, na kwa kuwa nao mara nyingi sihitaji kuufungua. Kila mnaposimama teremka utembee. Sisi wenye ugonjwa huu damu huganda miguuni kwa urahisi kuliko wengine, na kukaa saa nyingi kunaongeza.

Mama mkwe sasa. Mume ampigie simu kabla hamjaondoka, ili maneno yatoke kwa mwanawe, na wewe ukifika ingia jikoni umweleze mwenyewe, mkiwa wawili. Usimwambie "sili chakula chako". Mwombe unachoweza kula: wali wa Kyela, ndizi zilizoiva na kupikwa laini, mchuzi wa kuku bila pilipili. Kande itakusumbua, mwambie wazi. Mkwe anayeombwa chakula hafikirii kwamba unaringa. Na mwulize choo kiko wapi siku ya kwanza, mchana, uonyeshwe njia kabla usiku haujaingia. Tukuyu mvua ni nyingi, njia huteleza.

Uniandikie ukirudi, hasa uniambie mume alijibu nini.