Usiifungue hiyo poti leo: yaliyoikuta seva yangu ya Pasiansi

Mkuu, usiifungue hiyo poti (mlango wa mtandaoni wa kuingilia kompyuta) leo usiku. Nimesoma uzi wako mara mbili, chai imepoa mezani. Unafundisha Nansio, Ukerewe, kompyuta yenye filamu na picha za familia iko nyumbani Buhongwa, Mwanza, umeweka Jellyfin (programu ya kuangalia filamu zako ukiwa mbali), umenunua VPN (handaki la siri kutoka kompyuta yako mpaka kwa kampuni) inayokuruhusu kufungua poti, na fundi wako kakwambia uielekeze poti hiyo kwenye 8096, poti ya Jellyfin, uongeze nyingine ya mafaili, halafu uzime faiawoli ya kompyuta (programu inayozuia wageni wa mtandaoni) "ili isisumbue". Unauliza VPN ipi ni nafuu zaidi, poti zinaelekezwaje, na kwa nini video zinakwamakwama. Naanza na hilo la faiawoli, maana maneno hayo niliambiwa na mimi, vilevile kama ulivyoyaandika.

Mwaka 2022 nilikuwa na kazi Sengerema. Kila Jumatatu alfajiri nipo Kigongo, daraja bado linajengwa, unapanga foleni ya kivuko mpaka jua linakuchoma. Nyumbani Pasiansi nilikuwa na kompyuta ya mezani yenye diski ya TB 4, na nilitaka nikiwa foleni au gesti niangalie vitu vyangu. Ruta ilikuwa ya laini ya simu. Nikafungua poti kwenye ruta, hola. Sababu nilikuja kuijua baadaye. Mitandao ya simu mara nyingi haimpi kila mteja anwani yake ya nje, mnarundikwa wengi nyuma ya anwani moja. Ruta yako inapewa namba ya ndani, mara nyingi kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, au namba inayoanza na 10. Ukifungua poti hapo umefungua mlango wa chumba chako tu, geti la nyumba limefungwa na ufunguo anao mwenye nyumba.

Ndipo nikampata fundi mmoja mjini, ana duka, anaongea kwa kujiamini. Akaniambia: "VPN ni ukuta. Ukishaiweka, hakuna mtu anayeingia kwako." Nikamlipa 60,000. Akaweka VPN, akapata poti kutoka kwa kampuni, akaielekeza kwenye programu ya kusimamia mafaili ili nione filamu na picha pamoja, akazima faiawoli, akaacha jina na nywila vilivyokuja na programu. Jioni ile nikafungua kwenye simu nikiwa gesti Sengerema, ikafunguka, nikampigia kumshukuru. Nilimshukuru kabisa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinatokea, maana fundi wako hajakieleza. VPN ya kawaida inakuficha kwa sababu wewe ndiye unayeanza mazungumzo kutoka ndani, na wa nje hana pa kugonga. Ukiomba poti, umeiomba kampuni ifanye kinyume: kila atakayegonga poti ile kwenye anwani yao ya wazi, apitishwe moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta yako. Ruta yako haiwezi kumzuia. Yeye anasafiri ndani ya handaki lililofungwa kwa siri, na ruta inaona tu mazungumzo yako na kampuni ya VPN. Ulinzi wote wa ruta umeukwepa mwenyewe. Kinachobaki ni faiawoli ya kompyuta, na ndiyo hiyo unayoambiwa uizime! Hasira zangu kwa hawa mafundi ziko hapo. Wanalitaja jina la kitu cha ulinzi huku wanakigeuza kuwa barabara ya kuingilia.

Na usiseme "nani atanijua mimi wa Buhongwa". Hakuna anayekutafuta kwa jina. Anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba mashine moja yenye laini ya gigabiti inaweza kuzigonga karibu zote kwenye poti moja ndani ya dakika 45. Hiyo ni 2013. Poti ya kubahatisha, 41 elfu na kitu, haikufichi. Nilipokuja kufungua kumbukumbu za ile programu, mgeni wa kwanza alikuwa amejaribu kuingia masaa matano baada ya fundi kuondoka. Masaa matano! Fundi alikuwa hajafika hata mwisho wa siku na pesa yangu.

Siku ya 19 waliingia. Nywila ilikuwa ile ya kiwandani, na programu ilikuwa na sehemu ya kuendesha amri kwenye kompyuta, ipo wazi. Jumamosi nimerudi nyumbani, mama watoto ananiambia picha hazifunguki. Kila faili lina herufi za ajabu mwishoni, na kuna faili la maandishi linalodai Bitcoin (pesa ya mtandaoni) ili nifunguliwe. Diski ya akiba? Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo saa 24, nayo ikaliwa. Filamu zilinisumbua siku mbili, basi. Lakini humo ndani kulikuwa na video ya marehemu baba, dakika kama 40, amekaa chini ya mwembe akieleza walivyokuwa wakivua dagaa kwa karabai, na majina ya mitumbwi, na nani alizama wapi. Nilimrekodi mwaka 2016. Sikuwa nimempa ndugu yeyote nakala, nilijiambia nitagawa Krismasi. Nilipeleka diski kwa mtu wa kurudisha data, akapata picha 200 na kitu za miaka ya nyuma na vipande vya harusi ya mdogo wangu. Ya baba hakuna. Fundi nilipompigia akasema lazima nilibofya kitu kibaya, kisha akaacha kupokea.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine fanya jaribio hili. Zima VPN kwenye simu, zima Wi-Fi, washa bando la kawaida, andika ile anwani na poti yake. Ukurasa wa Jellyfin ukifunguka, umefunguka kwa kila mtu duniani, na kuomba nywila hakubadilishi hilo, kwa sababu kosa lolote lililomo ndani ya programu mgeni ameshalifikia. Seva ya nyumbani isifunguke kwenye kifaa ambacho hukukipa ufunguo kwa mkono wako. Sheria yangu ni hiyo moja, na sibishani nayo tena.

Inawezekana bila kufungua poti yoyote nyumbani. Njia nyepesi ni Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako wenyewe kwa wenyewe: unaiweka kwenye kompyuta ya Buhongwa na kwenye simu, unaingia kwa akaunti moja, vinatafutana vyenyewe hata nyuma ya hizo anwani za kurundikana, na kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Njia ninayotumia mimi sasa ni seva ndogo ya kukodi yenye anwani yake ya nje, WireGuard juu yake (programu ya kujitengenezea VPN yako mwenyewe), poti ya UDP 51820 kwenye seva hiyo, siyo nyumbani. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayopiga simu kwenda nje, unaweka PersistentKeepalive = 25 (itume ishara kila sekunde 25) ili laini isilale, na simu yangu inaingia kwa ufunguo wake. Asiye na ufunguo akigonga, WireGuard haijibu chochote, kama hakuna kitu pale. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inajiunga yenyewe, mradi umeiweka iwake yenyewe.

VPN za kununua kwa ajili ya poti sizishauri hata kwa bei ya bure. Mullvad, kampuni ya VPN, wenyewe waliondoa huduma ya poti tarehe 1 Julai 2023 kwa sababu ya watu kuitumia vibaya. Na hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaohitaji VPN kwa shughuli zao watoe taarifa, mwisho ukiwa tarehe 30 mwezi ule, kwa hiyo fuatilia utaratibu kabla hujalipia chochote.

Kukwama kwa video, angalia kasi ya kupakia (kutuma nje) ya laini ya Buhongwa, siyo ya Nansio. Ukiweka Jellyfin kwenye megabiti 3 kwa sekunde, saa moja ni kama GB 1.35, na inakatwa mara mbili: kwenye bando la nyumbani ikitoka, na kwenye la simu ikiingia.

Sasa hivi chomoa diski ya akiba, mpe shemeji au dada akae nayo nyumba nyingine. Washa faiawoli. Badilisha nywila zote. Kisha ingia kwenye ukurasa wa ruta, tazama sehemu ya WAN (anwani ambayo ruta imepewa na mtandao), uniandikie hapa namba mbili za mwanzo tu, usiweke zote, nijue kama na wewe umerundikwa. Nipo macho mpaka saa sita, nitakuandikia faili la WireGuard mstari kwa mstari.