Jeki ya spika ikilegea usiikaze kwa nje tu

Jamani wenzangu mnaopiga gita hapa Mombasa, ile jeki ya nyuma ya boksi la spika, yaani lile tundu la kuchomekea plagi, ikianza kucheza tafadhali usichukue koleo ukakaza nati kwa nje ukaendelea na shughuli zako. Mimi nimefanya hivyo miezi, nakaza inashika, siku mbili tatu inalegea tena, mpaka siku tuko harusini Kisauni, bibi harusi ndo anaingia, spika ikakwaruza mara mbili ikanyamaza kabisa. Iliniuma sana.

Kesho yake nikafungua mgongo wa boksi. Kumbe kila nikikaza nati, jeki yote ilikuwa inazunguka nayo kule ndani, waya zote mbili zimejisokota kama kamba na ile nyeusi imekatika pale kwenye solda, imeshikwa na nyuzi mbili tu.

Kwa hivyo kwanza zima amplifaya, tena hapa nasisitiza, kama ni ya tyubu, zile za kioo zinazowaka ndani, ukaipiga na spika imekatika unaweza kuunguza transfoma, na jeki ni pesa ndogo mno mbele ya transfoma. Kisha fungua nyuma, shika jeki kwa vidole huko ndani isizunguke, halafu ndo ukaze, nyingi nilizofungua mimi zinakubali spana ya nusu inchi. Angalia kama kuna ile washa ya meno, hiyo ndo inauma bati jeki isizunguke, yangu haikuwepo kabisa.

Nati ikiwa sawa na plagi bado inacheza, basi ni ule ulimi unaoshika ncha ya plagi umetanuka. Toa plagi, kunja huo ulimi kidogo sana kwa ndani. Na huku kwetu pwani chumvi ya hewani inakula chuma, ukiona ukijani pangusa mpaka ung'ae.

Ukisolda, toa risasi ya zamani, pasha sikio la jeki, pale waya unaposhikwa, mpaka risasi iyeyukie hapo yenyewe, ukiidondoshea kwenye chuma baridi itashika kwa uongo. Nyekundu kwa ncha, nyeusi kwa mwili. Halafu pima na mita, spika ya ohm 8 husoma kama 6 au 7 hivi. Yangu ilisoma 6.4, nikaitikisa plagi kwa nguvu, namba haikuruka, ndo nikarudisha skrubu.