Usiruhusu kioo kibadilishwe kabla hujaingia BIOS

Mkuu, hiyo laki na themanini ya kioo cha laptopu usimpe fundi. Kama umeshatoa advansi, kaidai leo hii kabla hajaagiza kioo. Na BIOS ni ile menyu ya laptopu yenyewe inayofunguka kabla Windows haijawaka, nitakuelekeza kuingia.

Nimesoma uzi wako tumbo likanikata. HP yako ilikuwa inaonyesha vizuri, ukasikia Windows 10 imeachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025, ukapiga Windows 11. Ilipowaka, maandishi yamekuwa makubwa na yamevutika, mwanga haupungui wala hauongezeki, ukichomeka TV kwa HDMI hakuna kitu. Fundi kaangalia, katikisa kichwa, kasema kioo kimekufa. Na wewe unakuja kutuuliza kama bei ni halali, kama kioo cha HP nyingine kitaingia, na kama unaweza kurudi Windows 10 bila kupoteza mafaili.

Bei? Hata angekwambia elfu kumi ingekuwa ghali, maana anakuuzia kitu ambacho unacho na ni kizima.

Kioo hakijui umepiga Windows gani. Chenyewe kinaletewa picha, kinaionyesha, basi. Asubuhi kilikuwa kizima, mchana ukapiga Windows, jioni kiwe kimekufa, na kife kwa namna ya kukuza maandishi? Kioo kikifa unaona mistari, madoa meusi, chenga, au giza. Hakuna kioo kinachokufa kwa kukuongezea ukubwa wa herufi.

Ulichokosa ni draiva ya picha, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha chip ya picha. Windows ikiwa haijapata draiva ya chip yako, haikuachi gizani, inaweka ya dharura inayoitwa Microsoft Basic Display Adapter. Hiyo kazi yake ni kukuwezesha uone pa kubonyeza tu. Mara nyingi inakwama kwenye pikseli (nukta za picha) 1024 kwa 768, au hata 800 kwa 600, wakati kioo chako huenda ni cha 1920 kwa 1080, ndiyo maana picha inavutwa ijaze nafasi. Mwanga haiwezi kuurekebisha. Skrini ya pili haiwezi kuiendesha. Sasa rudi kasome dalili ulizoandika mwenyewe.

Najua haya kwa sababu niliyalipia. Msinicheke, na mkicheka chekeni kwa sauti ya chini.

Windows 7 ilipoachwa, ile Januari 2020, nilikuwa na laptopu used iliyotoka Dubai, inchi 15.6, kioo cha 1920 kwa 1080, safi. Nilikuwa nadizaini kadi za mchango wa harusi, kwa hiyo kioo ndicho kilichokuwa kinanilisha. Nikapiga Windows 10. Ikawaka na hayo hayo unayoyaona wewe, nyuso za maharusi zimenenepa kwenye kadi. Na kamati ya harusi haijui habari za draiva, inachojua ni kwamba kadi zinatakiwa zianze kusambazwa.

Nikakimbilia kwa fundi. Akaiwasha, akaangalia kwa muda ambao hautoshi hata kufungua pipi, akatoa kauli ambayo mpaka leo nikiikumbuka natabasamu kwa hasira: "Windows 10 inataka kioo cha nguvu, hiki chako ni cha zamani." Mimi, mtu mzima mwenye diploma ukutani, nikaitikia kwa kichwa. Hakubonyeza hata kitufe kimoja kuthibitisha. Kabla sijakaa vizuri bisibisi ilikuwa imeshaingia.

Hapo ndipo hasara yenyewe ilipoanzia. Alifungua fremu ya kioo, akachomoa kebo ya picha, betri bado imechomekwa. Kwenye laptopu ile kebo haibebi picha peke yake, inapeleka pia umeme wa taa ya nyuma ya kioo. Ukiichomoa au kuichomeka umeme ukiwepo, ikienda upande kidogo tu, pini zinagusana na kifyuzi cha taa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya laptopu, kinaungua. Ni kifyuzi ambacho ukipiga chafya hukioni tena. Halafu kioo cha kwanza alicholeta kilikuwa na soketi ya pini 40 wakati kebo yangu ni ya pini 30, kwa hiyo akachomoa tena, akaenda kutafuta kingine, akachomeka tena. Betri ipo pale pale muda wote.

Kioo kipya kikawekwa. Giza.

Unajua aliniambia nini? "Bahati mbaya bro, mazabodi nayo ilikuwa inaelekea kufa." Ilikuwa inaelekea! Nimeingia dukani kwake na laptopu inayowaka, natoka na jiwe, na hela ya kioo nimelipa kwa sababu "kioo kimeshafunguliwa hakirudi dukani". Kisha akanitajia bei ya mazabodi. Kwa kweli mtu yule angefaa siasa.

Kilichoniokoa ni dada mmoja fundi, mtaa mwingine kabisa, ambaye jirani yangu alinielekeza kwake. Alizima taa ya kibanda, akamulika tochi ya simu kwenye kile kioo cheusi, akaniita nichungulie. Picha ilikuwepo, hafifu, nyuma ya giza. Akaniambia mazabodi haijafa, kilichokufa ni mwanga. Akapima kwa mita, akapata kifyuzi, akakibadilisha. Kioo kikawaka. Na picha, ndugu zangu, ilikuwa IMEVUTIKA VILE VILE. Kioo kipya, hela imekwenda, nyuso za maharusi bado nene.

Dada akaniuliza, kabla haijafunguliwa, kwenye BIOS picha ilikuwaje? Nilidhani ananiuliza habari za basi. Akaweka draiva pale pale kutoka kwenye flashi yake, kioo kikapepesa, kila kitu kikakaa sawa. Alinidai elfu ishirini kwa yote.

Hasira ya mwisho niliipata nyumbani. Kioo kipya kilikuwa cha 1366 kwa 768. Changu cha mwanzo, kile cha 1920 kwa 1080, yule wa kwanza alibaki nacho akisema ni kibovu, hakina kazi. Nilipokwenda kukidai kikawa kimeshauzwa. Kibovu kimeuzwa! Hivi sasa kipo kwenye laptopu ya mtu mahali, kinamwonyesha mpira vizuri kabisa.

Kwa hiyo mkuu, kanuni yangu ni moja: HAKUNA BISIBISI KABLA YA BIOS.

Zima laptopu kabisa. Iwashe huku unabonyeza-bonyeza Esc, ikitokea menyu bonyeza F10, hiyo ni kwa HP. Dell ni F2. Lenovo nyingi ni F2, ThinkPad ni F1. Ukiingia humo Windows haijawaka kabisa, wala draiva yake haipo. Unachokiona ni kioo, kebo na chip vikifanya kazi vyenyewe. Kaa humo dakika kadhaa. Fungua na kufunga mfuniko taratibu. Usihangaike na ukubwa wa maandishi, BIOS nyingi zinaandika kwa herufi za kizamani na ni kawaida. Angalia mistari, chenga, rangi za ajabu, kucheza-cheza. Pakiwa pasafi, kioo chako ni kizima na anayekwambia ukibadilishe ama hajui ama anajua sana.

Wenye Dell mna raha zaidi. Zima, shikilia kitufe cha D, kisha washa. Kwenye nyingi kioo kitapita rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Rangi zikiwa safi, kioo ni kizima.

Na hapa kuna mtego, maana najua fundi wako atautumia. Atasema "ona, hata HDMI haitoi, kwa hiyo chip ya picha imekufa." Jaribio la TV ukiwa ndani ya Windows isiyo na draiva halina maana, kwa sababu ile draiva ya dharura haiendeshi skrini ya pili. HDMI imekataa kwa sababu ile ile iliyokuza maandishi. Kumfungulia mtu laptopu kwa ushahidi huo ni sawa na kumng'oa jicho kwa sababu amevaa miwani ya mwenzake.

Ukishajiridhisha na BIOS, washa Windows, bonyeza kulia kwenye Start, fungua Device Manager, panua Display adapters. Nakuwekea dau utakuta limeandikwa hilo jina la Basic. Bonyeza kulia juu yake, Properties, kisha Details, chagua Hardware Ids. Utaona VEN na tarakimu, zinakuonyesha kampuni iliyotengeneza chip ya picha. VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni Nvidia, VEN_1002 ni AMD. Kuanzia hapo hubahatishi.

Kwanza iache Windows ihangaike yenyewe: washa intaneti, nenda Windows Update, Advanced options, Optional updates, tazama kama kuna draiva imelala humo. Ikiwa haipo, geuza laptopu, soma modeli kamili kwenye stika, nenda tovuti ya aliyeitengeneza HP yako, chukua draiva ya picha ya modeli hiyo. Ukikuta wameweka ya Windows 10 tu, ichukue hiyo hiyo, mara nyingi inakubali kwenye 11. Usianzie kwa Intel moja kwa moja, maana baadhi ya draiva zao zinagoma kwenye laptopu zilizofungiwa na mtengenezaji, zinakuambia draiva haijathibitishwa kwa kompyuta hii na ukaichukue kwa mtengenezaji. Ukiona ujumbe huo usidhani chip imekufa. Watu wameshauza laptopu nzima kwa bei ya kutupa kwa sababu ya sentensi ile.

Halafu kuna hawa wa kwenye video. Kabla sijaenda kwa fundi nilimfuata mmoja anayesema shusha programu yake moja, itakuwekea draiva zote kwa kubonyeza mara moja. Bando lilikwisha, draiva ya picha haikuingia, badala yake brauza ikabadilika lugha na kila nikifungua ukurasa natangaziwa kubeti. Jamaa ana wafuasi wengi na mwisho wa video anakuombea baraka. Baraka zake abaki nazo.

Ikitokea draiva inaingia halafu kioo kinakuwa cheusi, usipige kelele. Bonyeza Ctrl, Shift, kitufe cha Windows na B kwa pamoja, draiva itajiwasha upya, mara nyingi unasikia mlio na picha inarudi. Kama bado ni giza, bonyeza kitufe cha Windows na P, huenda picha imetumwa kwenye TV ambayo haipo.

Kwa mliokimbilia Linux badala ya Windows na mnanyemelea uzi huu: mkiwasha mkakuta giza baada ya kupiga, hasa wenye Nvidia, kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuwashia Linux, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwishoni mwake ongeza nomodeset, kisha Ctrl na X. Itawaka na picha mbaya. Ingia, weka draiva ya Nvidia kwenye Driver Manager, washa upya. Hiyo nomodeset ni ya kuingilia tu. Mkiiacha humo mtakuja hapa kulalamika kioo kimekufa, na mimi nitawajibu vibaya.

Simaanishi kioo hakifi kamwe. Ukiingia BIOS ukakuta mistari humo humo, hapo ni kifaa kweli. Mistari ikibadilika ukichezesha mfuniko, shuku kebo kwanza, ni rahisi kuliko kioo. Kukiwa giza, mulika tochi kama yule dada. Na hata hapo, ukimpelekea fundi, kaa mbele yake na umwambie achomoe betri kabla hajagusa kebo. Akikasirika, beba laptopu yako uondoke. Kioo cha zamani unarudi nacho nyumbani, hata kikiwa kimepasuka vipande.

Sasa zima hiyo HP, Esc halafu F10, piga picha unachokiona uiweke hapa, na piga nyingine ya Device Manager. Fundi akipiga simu kuuliza hela ya kioo, usipokee kwanza.