Mbung'o, ng'ombe na damu: maswali yenu

Mbung'o akishamnyonya ng'ombe mwenye nagana, ule ugonjwa wa mifugo anaoueneza mbung'o, si keshabeba vimelea? (Mfugaji, Kitogani)

Hasha, sheikh wangu. Mara nyingi vimelea hufia tumboni mwake. Anayeshikwa kirahisi ni yule aliyetoka kwenye ganda la pupa juzi tu, mwili ungali laini, damu hajaionja. Mlo huo wa kwanza ukiwa wa ng'ombe mgonjwa, ni rahisi aambukizwe. Akishakula mara kadhaa, tumbo huwa limejua kujitetea, ingawa njaa ya siku nyingi huirudisha chini kinga hiyo hata kwa mkubwa.

Halafu vimelea vyenyewe si sawa, viko vya aina tatu kuu: vivax, congolense na brucei. Vivax haendi mbali: hukaa kwenye mrija wa kunyonyea, hukomaa upesi. Ukiung'oa mrija huo ukauweka kwenye tone la maji ya chumvi chini ya hadubini, utamwona akipinda kama uzi ulio hai. Congolense hupitia tumboni kwanza ndipo arudi mdomoni. Brucei, ambaye jamaa zake huwaletea watu malale, husafiri wiki kadhaa hadi kwenye tezi za mate, na wengi hawafiki. Ndiyo maana mbung'o wazee ndio wa kuogopwa: wameishi vya kutosha, na aliyeambukizwa haponi.

Anayeuma ni jike tu, kama mbu? (Bibi wa Wete)

Wote wawili, bibi. Ila huko Pemba hamkuwa na mbung'o, alikuwa Unguja.

Kama dume naye ananyonya, ilikuwaje wakamwaga madume kwa ndege Unguja? Hawakueneza ugonjwa? (Mwanafunzi, Mwanakwerekwe)

Swali zuri kuliko yote, mwanangu. Madume yale yalifugwa Tanga kwa damu ya ng'ombe iliyonyonywa kupitia utando, yakapigwa mionzi yasizalishe, kisha yakamwagwa kwa ndege kuanzia 1994 ili kummaliza mbung'o wa Unguja. Kabla ya kuachiwa yalilishwa damu yenye dawa ya nagana, ili vimelea visipate pa kukaa. Jike wa porini akipandwa na dume tasa hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini Unguja alinaswa 1996.

Ndama wangu ana homa na matezi yamevimba chini ya sikio. Nagana imerudi? (Mfugaji, Dunga)

La. Majina yanakuchanganya: hiyo yaelekea kuwa ndigana kali, ya kupe. Muite bwana mifugo leo, usingoje kesho, na mkague ndama ndani ya masikio.