Kwa nini umepata 83% wakati kitabu kinasema 17%

Mkuu, umeuliza kwa nini umepata 83% kwenye kiwango cha watoto wenye mchanganyiko mpya wa sifa, wakati kitabu kinasema 17%. Hesabu yako ya kugawanya iko sawa, ila umejumlisha watoto wasiohusika. Nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita na swali hili haliniishi: wanafunzi wanakimbilia kikokotoo kabla hawajawaangalia wazazi.

Namba ulizoweka ni za nzi wa matunda wa maabara ya Thomas Hunt Morgan, Columbia, New York. Jike chotara (mwenye nakala mbili tofauti za kila jeni) alipandishwa na dume mweusi mwenye mabawa yaliyodumaa. Wakazaliwa wa kijivu wenye mabawa kamili 965, weusi wenye mabawa yaliyodumaa 944, wa kijivu wa mabawa yaliyodumaa 206, na weusi wa mabawa kamili 185. Jumla 2,300. Kama jeni zile mbili zingekuwa zinajitegemea, kila kundi lingekaribia 575. Hazikujitegemea, maana zimekaa kromosomu moja.

Sasa muulize mama yao alipokea nini. Upande mmoja alipewa kijivu na mabawa kamili pamoja, upande mwingine weusi na udumavu pamoja. Makundi mawili makubwa yameurithi mpangilio huo vilevile. Yale madogo ndiyo mchanganyiko mpya, yametokana na kromosomu kubadilishana vipande. Wewe ulijumlisha yale makubwa. Basi 206 + 185 = 391, gawanya kwa 2,300, unapata 17%, yaani sentimorgani 17 (kipimo cha umbali kati ya jeni, 1% ni sentimorgani 1). Ila usikariri kwamba "kijivu mwenye mabawa yaliyodumaa" ndiye mchanganyiko siku zote. Wazazi wa huyo jike chotara wangekuwa mmoja wa kijivu mwenye udumavu na mwingine mweusi mwenye mabawa kamili, huyohuyo angekuwa kwenye kundi la wengi.

Halafu 83% yenyewe ingekushtua. Kromosomu zikibadilishana mara moja kati ya jeni mbili, ni kromatidi (nakala za kromosomu) mbili tu kati ya nne zinazoguswa, kwa hiyo kiwango cha mchanganyiko mpya hakivuki 50%.

Watunga mitihani hutegea na hapa: chotara lazima awe jike. Dume wa nzi huyu habadilishani vipande kabisa, kwa hiyo ukimtumia yeye yale makundi madogo hayatokei.

Ukifika kwenye ramani ya jeni (mchoro wa umbali kati yao kwenye kromosomu), kuna jeni ya rangi ya macho katikati ya hizo mbili: 9% kutoka ya weusi, 9.5% hadi ya mabawa. Jumla 18.5, si 17. Tofauti inatokana na kromosomu zilizobadilishana mara mbili. Mpangilio wa jeni mbili za pembeni unarudi ulivyokuwa na wewe unawahesabu watoto hao kama hawakuchanganyika. Ndiyo maana kwenye ramani tunajumlisha masafa mafupi, na utaandika 18.5.